HAZINA YA NCHI KAME

Yako maneno yanayorudiwa mara nyingi hata yakageuka kuwa kama sheria. Mojawapo ni hili, kwamba Dodoma ni nchi kame. Msafiri apitaye huko mwezi wa Septemba hutazama nje ya dirisha, akaona vumbi jekundu, miiba, na mibuyu isiyo na jani hata moja, kisha akasema moyoni mwake: hapa hapana kitu. Msafiri huyo haongopi kuhusu vumbi. Lakini hilo la kwamba hapana kitu si kweli, tena lina hasara kubwa. Mtu akishaamini kwamba mahali fulani hapana kitu, hatashuka kutazama cha pale wala hatanunua cha pale, na mkulima wa pale atauza jasho lake kwa bei ya mtu anayeomba.

Makala haya yanakusudia kupita katika nchi hiyo ya katikati, tangu Mlali katika wilaya ya Kongwa hadi Kolo katika wilaya ya Kondoa, na kueleza vilivyoko vya kutazamwa na vya kuliwa. Mwishoni tutauliza kwa nini vitu hivyo huwaneemesha wengine zaidi kuliko wenyewe.

Mvua ya msimu mmoja

Nyanda za Dodoma ziko juu kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka hufika milimita 500 hadi 600. Baada ya hapo mbingu hufungwa kwa miezi saba au minane. Mwenye kuishi katika nchi ya namna hiyo hana budi kuwa na akili ya kuweka akiba, na akili hiyo ndiyo iliyowaweka hai Wagogo, Wakaguru, Warangi na Wasandawe kwa karne nyingi.

Tazama vyakula vyao. Uwele na mtama ni nafaka zinazovumilia jua ambalo mahindi hayaliwezi. Mlenda huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, husagwa na kuhifadhiwa, na mwezi wa Oktoba mama wa nyumba hutia maji, akaweka karanga zilizotwangwa, watoto wakala ugali kwa mboga iliyoota miezi minane iliyopita. Majani ya kunde hufanywa vivyo hivyo. Hata nyumba ya tembe, yenye kuta nene na paa la udongo lililo bapa, ilijengwa kwa kuifahamu nchi: mchana ina ubaridi, usiku ina joto, nayo miti iliyotumika ni ile iliyopo karibu.

Akili hiyo haikupatikana kwa urahisi. Wazee wa Ugogo walisimulia habari za njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1918 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakatika. Watu wengi mno walikufa. Yafaa tukumbuke basi kwamba njaa ile haikuletwa na ukame peke yake. Ukame uliwakuta wananchi ghala zao zikiwa zimekwisha kuporwa. Anayetaka kuzijua mila za watu hawa na asome alichoandika Mathias Mnyampala, mshairi mashuhuri aliyezaliwa huko huko Dodoma mwaka 1917, ambaye kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954.

Kongwa: somo la karanga

Mlali ni kata mojawapo ya wilaya ya Kongwa, na jina la Kongwa lilipata kujulikana duniani kote kwa sababu ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 likatolewa shauri la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika Mashariki, na Serikali ya Uingereza ikapanga kufyeka zaidi ya ekari 3,000,000, sehemu kubwa ikiwa katika Tanganyika. Wataalamu waliotumwa kuikagua nchi walizunguka kwa majuma machache tu, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Matrekta ya mtumba, mengi yakiwa mabaki ya vita, yaliharibika upesi. Mibuyu ilikataa kung'oka. Mizizi ya vichaka ilijikunja katika majembe. Udongo ulipopata mvua na kisha jua uligeuka mgumu kama saruji, na mchanga wake mkali ukayala majembe kama msasa unavyokula ubao. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa kupandwa ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika 10,000. Wafanyakazi, waliokuwa wakilipwa kidogo na kulala vibaya, waligoma mwaka huo huo wa 1947. Ukame wa mwaka 1949 ukamaliza kilichobaki, na Januari 1951 mpango wote ukatangazwa kufutwa, kukiwa na hasara ya pauni zipatazo milioni 36.

Zao la karanga halikuwa na kosa. Wananchi wa Kongwa na Mpwapwa walikuwa wakilima karanga, na hata leo wanazilima, kwa jembe la mkono, katika vishamba vyao, wakizichanganya na nafaka na kuchagua udongo mwepesi. Wao wanajua ni bonde lipi linashika maji na ni kilima kipi hakifai. Ujuzi huo ulikuwapo Kongwa mwaka 1947 bila gharama ya hata pauni moja, lakini waliokuja na mitambo hawakumwuliza mwenye nchi. Hilo ndilo somo la Kongwa, na halikuisha maana mwaka 1951.

Sehemu ya ardhi iliyofyekwa iligeuzwa kuwa malisho, na hata leo Kongwa ina ranchi ya Taifa ya ng'ombe pamoja na kituo cha utafiti wa malisho. Kibaigwa, katika wilaya hiyo hiyo, kandokando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, lipo soko kubwa la nafaka linalopokea mahindi ya wilaya nyingi za jirani na malori ya wanunuzi kutoka mbali. Mtu akitaka kuona kwa macho yake jinsi nchi inayoitwa kame inavyowalisha wengine, na asimame Kibaigwa wakati wa mavuno.

Tena liko jambo jingine ambalo kila kijana angefaa kwenda Kongwa kulijifunza. Kuanzia mwaka 1964, palepale walipokuwa wameshindwa wakoloni na karanga zao, zilifunguliwa kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Walikaa hapo wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji, wa ANC wa Afrika ya Kusini, wa SWAPO wa Namibia, wa ZAPU wa Zimbabwe na wa MPLA wa Angola. Samora Machel, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji, alipita Kongwa. Wananchi wa Kongwa waliishi na wageni hao kama ndugu, na wako wapiganaji waliozikwa katika ardhi hiyo. Mahali pa namna hii, katika nchi nyingine, wageni hulipa nauli kubwa kwenda kupatazama.

Mpwapwa: maji na ng'ombe

Kusini ya Kongwa iko Mpwapwa, chini ya milima yenye chemchemi. Zamani za misafara, wapagazi waliotoka pwani walipumzika Mpwapwa kwa sababu ya maji yake, wakijiandaa kuvuka nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake lenyewe ni habari ya maji machungu. Waliofika ng'ambo, Ugogoni, walilipa hongo kwa watemi ili wapite na kunywesha. Wazungu walioandika safari zao walilalamikia sana hongo hiyo. Lakini katika nchi ambayo kisima kimechimbwa kwa mikono, mwenye kisima ana haki ya kuuliza: unapita na watu mia tano, nani atarudisha maji yangu?

Mpwapwa pia ni jina la ng'ombe. Katika kituo cha utafiti wa mifugo cha hapo, wataalamu kwa miaka mingi walichanganya damu ya ng'ombe wetu wa asili na ya ng'ombe wa Bara Hindi wa aina ya Sahiwal na Sindhi, wakapata ng'ombe wa Mpwapwa, anayetoa maziwa na nyama zaidi na bado akavumilia jua na malisho makavu. Huyu ni ng'ombe wa Tanzania, aliyetengenezwa Tanzania kwa ajili ya mfugaji mdogo, na ni wananchi wachache mno nje ya mkoa wanaomfahamu hata kwa jina.

Dodoma na zabibu zake

Tukielekea magharibi twafika Dodoma mjini. Inasimuliwa kwamba jina hilo latokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia katika tope. Reli ya Wajerumani ilifika hapo mwaka 1910. Mwaka 1973 ulikatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme humfikisha abiria kutoka Dar es Salaam kwa muda wa takriban saa nne.

Mgeni afikaye wakati wa mavuno hupokewa na vijana wenye vikapu vya zabibu. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, wakaipanda Bihawana, karibu na mji, kwa ajili ya divai ya ibada. Ikaonekana kwamba jua ambalo watu walililaani ndilo ambalo mzabibu unalitaka. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima akiupogoa vizuri na kuutilia maji, huzaa mara mbili. Sehemu chache sana duniani zina neema hiyo. Leo mashamba yako Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, Chinangali na kwingineko, na Makutupora kiko kituo cha utafiti ambacho jina lake limepewa aina mojawapo ya zabibu nyekundu.

Mchumi wa zabibu hana muda wa kubishana juu ya bei. Tunda lililoiva haliwezi kungoja, na kiwanda kisiponunua wiki hii, wiki ijayo ni uozo. Ndiyo maana wakulima wamekuwa wakilia kwa miaka mingi juu ya soko, wakati maduka ya miji yetu yakiwa yamejaa divai na zabibu kavu zilizovuka bahari. Wakaushaji wa zabibu ni wachache, ingawa jua lipo bure.

Asiyetumia divai asidhani kwamba Dodoma haina cha kumpa. Iko nyama ya mnada, iliyochomwa mbele ya macho ya mnunuzi, kama pale Msalato. Liko bwawa la Hombolo, na upande wa kusini, mpakani na Iringa, bwawa la Mtera lenye samaki na mitambo ya umeme. Bahi hutoa mpunga. Asali na alizeti ziko karibu kila wilaya. Na iko ngoma ya muheme, ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana ngoma kati ya magoti, pamoja na zeze na marimba ya mkono. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka na muziki huo Ugogoni, akaufundisha Bagamoyo, na akaupeleka katika majumba makubwa ya muziki ya Ulaya na Marekani. Chamwino, si mbali sana na jiji, watu bado wanaupiga.

Kondoa: michoro juu ya miamba

Kaskazini kabisa, baada ya nchi ya Wasandawe na ya Warangi, barabara kuu yapita Kolo. Katika miamba ya huko, juu ya mapango zaidi ya 150, watu wa kale walichora wanyama, wawindaji, na watu warefu wenye nywele nyingi, kwa rangi nyekundu ambayo haijafutika. Mtaalamu Mary Leakey aliikopi mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliingiza michoro hiyo katika Urithi wa Dunia. Kwa wakazi wa Kolo miamba hiyo si makumbusho ya wafu. Baadhi yao bado huenda huko kuomba mvua na uponyaji.

Linalosikitisha ni kwamba wako watu waliokwenda usiku na sururu kuchimba chini ya michoro hiyo, wakiamini kwamba Wajerumani waliacha dhahabu. Wamechimba mashimo, hazina yenyewe ikiwa ukutani juu ya vichwa vyao.

Kondoa pia ni mahali palipoponywa. Milima yake ililika kwa mmomonyoko hata ikabaki makorongo mekundu. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa hifadhi ya ardhi uitwao HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Lilikuwa jambo gumu, na wafugaji walilibeba kwa uchungu. Lakini majani yalirudi na miti ikarudi, na makorongo ya siku zile leo ni vichaka na mashamba.

Jina la mahali ni mali

Sasa tulinganishe na kwingine. Katika jimbo la Somerset, jimbo la wakulima huko kusini-magharibi ya Uingereza, kiko kijiji kiitwacho Cheddar. Kina korongo la mawe na mapango ya kale, na mwaka 1903 ilipatikana humo mifupa ya mtu aliyeishi miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Ng'ombe wa nchi hiyo hukamuliwa, maziwa hugeuzwa jibini, na jibini nyingine huwekwa katika mapango hayo hayo ikomae. Mgeni huja kutazama pango, akatoka akala jibini, akanunua kipande cha kupeleka nyumbani. Yaani pango linauza jibini, na jibini linamkumbusha mtu pango. Kolo ina mapango yaliyo makubwa kwa heshima kuliko hayo, lakini ni wageni wangapi wanaotoka Kolo na kopo la asali ya Kondoa lenye jina la Kondoa?

Hata hivyo Cheddar ina somo la pili. Jina lake halikulindwa mapema, na leo jibini yenye jina hilo hutengenezwa Marekani, New Zealand na popote pengine, bila kijiji kupata senti. Baadaye sana ndipo wakulima wa Somerset na majimbo jirani walipopata ulinzi wa sheria kwa jibini yao ya mashambani. Wafaransa wa Champagne, kinyume chake, waliwahi mapema, na jina lao ni mali yao.

Tuugeukie ubuyu wetu. Mbuyu ni mti usiopandwa na mtu, usiodai mbolea, na usiokufa kwa ukame. Tunda lake ni chakula, majani yake ni mboga, mbegu zake hutoa mafuta, magamba yake hutoa kamba. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula katika nchi zake, na tangu hapo unauzwa huko kwa bei kubwa katika vikopo vidogo. Ubuyu mwingi wa Dodoma hutoka kwa magunia. Huteremka pwani, ukapikwa kwa sukari, hiliki na rangi nyekundu, na mtoto wa mjini akaununua kwa jina la ubuyu wa Zanzibar. Wapishi wa Zanzibar hawakuiba kitu. Walifanya kazi, wakaipa kazi yao jina, na jina likawalipa. Aliyeokota ubuyu vichakani hakuupa jina, naye akalipwa bei ya gunia tupu lenye uzito.

Karanga ni hivyo hivyo. Alizeti ni hivyo hivyo. Asali ni hivyo hivyo. Kila kitu kinachoondoka bila kusindikwa na bila jina huacha nyuma mabua tu.

La kufanya

Hatusemi kwamba mkulima wa Mlali aache jembe akajenge kiwanda kesho. Lakini akina mama kumi wenye kinu, ungo na chombo cha kufungia wanaweza kuuza unga wa ubuyu, mlenda mkavu na karanga zilizokaangwa, kila pakiti ikiwa na jina la kijiji chao. Ushirika unaosimamiwa kwa uaminifu unaweza kukausha zabibu ambazo kiwanda hakikuzinunua. Halmashauri zinaweza kuhakikisha kwamba pale Kolo, na pale Kongwa penye makaburi ya wapiganaji, mgeni anapata mtu wa kumweleza habari na meza ya kununulia bidhaa za wenyeji. Shule zinaweza kuwapeleka watoto huko, maana nauli yake ni ndogo kuliko ya safari za mbali.

Na wafanyakazi, hasa maelfu waliohamia Dodoma pamoja na ofisi zao, wana sehemu kubwa kuliko wote. Wao ndio soko lililokuja miguuni pa mkulima bila yeye kulifuata. Mshahara unaolipwa Dodoma ukinunua mafuta ya alizeti ya Kongwa, mchele wa Bahi na asali ya Kondoa, unabaki Dodoma, ukalipia ada na kuezeka nyumba. Ukinunua vilivyotoka ng'ambo, umepita tu kama treni ipitavyo stesheni isiyo na abiria. Mikutano na warsha za Serikali hunywesha watu juisi za makopo kutoka mbali, wakati ubuyu na ukwaju uko sokoni umbali wa hatua chache. Jambo hilo halihitaji fedha za msaada wala mtaalamu wa kigeni. Lahitaji katibu mmoja mwenye kuamua.

Waingereza walikuja Kongwa na matrekta wakaiona nchi tupu, kwa kuwa walitafuta ndani yake kile walichokitaka wao, bila kuuliza kilichokuwamo. Ingekuwa aibu sisi wenyewe, baada ya miaka mingi ya uhuru, tukiitazama Dodoma kwa macho yale yale. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni huu wa uwele, ubuyu, karanga na zabibu. Tuukalie, tuukung'ute vumbi, na tuuandike jina letu.